Madumu Elfu Kumi na Tano

Idi pili, jua la Bombo limeamka na kisirani,
bati linalia ta, ta, tangu saa mbili,
nami nina laki moja niliyoificha ndani ya pipa la unga.
Nikasema: leo tunakwenda kuoga pasipo ndoo.

Njia ya Entebbe, ukishaipita Kajjansi,
kibao cha pomboo
aliyechorwa na mtu ambaye hajamwona pomboo.
Langoni: mtoto elfu kumi na tano,
mtu mzima ishirini.
"Na anayekaa tu akitazama?"
Elfu kumi, kutazama.
Chakula cha nje ni marufuku.
Mama mkwe wangu, Hajati Kaltuma, akaitikia kwa adabu sana,
kisra na samaki wametulia chini ya gurbaba yake
kama mimba ya miezi minne.

Mtelezo wa buluu umejisokota kama utumbo wa ng'ombe,
unameza watoto juu, unawatema chini.
Zamzam, miaka sita,
amekwisha kumezwa mara tatu kabla sijavua viatu.
Marajan, kaka yake, akapanda ngazi,
akasimama pale juu akiangalia kitu nisichokiona,
akashuka kwa ngazi zile zile,
samahani, samahani, akipenya kwenye foleni.
Akapanda tena. Akashuka tena.
Sikumwita. Kila mtu na kina chake.

Hajati yuko ukingoni,
amelipia kutazama na anatazama kwelikweli.
Akamwita kijana wa filimbi, Ocaya:
"Mwanangu, humu mna madumu mangapi?"
Mwingine angecheka. Ocaya akakuna shingo,
akasema hili la wakubwa ni lita laki tatu,
akachuchumaa, akachovya kidole,
akagawanya kwa ishirini juu ya saruji ya moto:
elfu kumi na tano.
Hesabu ikakauka kabla hajaikagua.

Hajati akanyamaza. Najua alikuwa wapi:
chemchemi ya bondeni, alfajiri, utelezi,
madumu manne kwa siku, mvua au arusi.
Midomo yake ikatembea kama ya mvuta tasbihi.
"Miaka kumi," akasema. "Na miezi.
Shingo yangu ya miaka kumi, na watoto wanaikojolea."
Akacheka mpaka kisra ikadondoka.
Ocaya akatazama upande mwingine. Mungu amlipe.

Kwenye dimbwi la wadogo pana uyoga wa saruji
unaomwaga maji kuizunguka kofia yake.
Zamzam akamvuta bibi yake mkono.
Sheria inataka vazi la kuogelea.
Hajati akasema hili ndilo.
Filimbi ikapanda mdomoni, ikashuka bila kulia.
Maji ya magotini; gurbaba ikavimba, ikaelea pande zote.
Akaingia chini ya uyoga,
na mkono wake wa kulia, niliuona,
ukapanda wenyewe kushika dumu lisilokuwapo.
Maji yakamkalia utosini bila kata,
yakateremka, yakaenda zao,
hayakumwomba ayapeleke popote.
Mkono ulichelewa kushuka.

Marajan hakuteleza siku ile.
Alikula samaki wa magendo kwa mgongo, akimtazama mlinzi,
akaniuliza kama mwakani bei itapanda.

Usiku, Bombo. Mfereji ukakohoa, ukatoa hewa tupu.
Hajati akachomoa chupa ya soda kwenye mkoba:
amejaza maji ya bwawa,
mwizi wa miaka sabini na moja.
Akainusa. "Haya yana hospitali ndani yake."
Lakini hakuyamwaga.
Yako dirishani, ubavuni mwa redio,
na Marajan kila akipita
huitikisa chupa, huitazama juani,
huirudisha.