Notisi, Siku ya Ishirini na Nane

Uamuzi ulinifikia siku ya ishirini na saba.
Kurasa nne, zimekunjwa mara tatu,
zina doa la mafuta pembeni:
mtu alizibeba pamoja na chapati zake.
Ukurasa wa mwisho, mstari wa chini kabisa:
Ombi linatupwa. Kiapo hakina tarehe.

Niliapa. Ilikuwa Jumanne,
mvua ya mawe inapiga bati, tunasemezana kwa kupiga kelele,
wakili wa msaada ana mafua, anaazima leso.
Yeye alisahau, au mimi.
Tarehe haikuandikwa, basi sikuapa.
Sikuapa, basi sikuomba.
Sikuomba, basi nilikuwa wapi Jumanne ile?

Na nilichoomba ni kidogo.
Sikusema niachieni.
Nilisema nileteni:
mwili huu usimamishwe mbele ya jaji,
na aliyeushika aseme ameushika kwa sheria ipi.
Miezi kumi na minne, jibu ni lile lile,
upelelezi unaendelea.
Nilitolewa chini ya trekta la watu pale Uyole,
spana namba kumi na tisa mkononi.
Trekta si langu. Spana ilikuwa yangu.
Hata risiti ya spana sikupewa.

Ajabu ni kwamba mwili huu haujapotea.
Saa kumi na mbili alfajiri,
ukungu umeteremka Loleza mpaka kwenye kola zetu,
tunachuchumaa watano watano,
afande anatugusa utosi kwa ncha ya rungu,
polepole, kama mama anayechagua viazi vya mbegu.
Mimi ni wa arobaini na moja.
Jioni, wa arobaini na moja.
Serikali inajua usiku nalalia ubavu upi.
Ni Mahakama tu,
dakika ishirini kwa miguu kutoka lango hili,
ambayo haijabahatika kuniona.

Lwitiko anaandika, mimi nashika karatasi isipeperuke.
Alikuwa mtendaji wa kata, mwandiko wake umenyooka.
Ameandika rufaa kumi na moja za wenzake,
tatu zimetoka nje ya lango zikiwa na miguu.
Yake mwenyewe ilichelewa siku mbili.
Hapendi kuulizwa.

"Jina?"
Ambilikile Mwaisaka.
Kwetu Rungwe jina hilo ni sentensi nzima: ameniita.
Karani wa Mahakama aliandika Ambikile.
Nikasema, turekebishe.
Lwitiko akainua kalamu, akaniangalia
kama mtu anayemwona mtoto karibu na jiko.
"Ukirekebisha, watasema mwombaji ni mwingine,
na huyu mwingine hajawahi kukataliwa chochote.
Atakata rufaa ya nini?"
Basi mimi ni Ambikile.
Aliyeniita amepungua silabi moja.

Sababu ya kwanza, sababu ya pili.
Ya tatu nilitaka iwe Subilaga,
aliyeuza mahindi mabichi gunia zima
apate nauli ya kuja kuambiwa
leo si siku ya kutembelea wafungwa.
Lwitiko akasema hiyo si hoja ya sheria.
Nikasema najua.
Tukaacha nafasi ya mstari mmoja, wazi,
hakuna atakayejua kwa nini.

Kisha tarehe.
Niliiandika mwenyewe, mkono wangu,
siku, mwezi, mwaka, nikaizungushia duara,
na juu ya duara nikaweka dole gumba.
"Umezidisha," akasema Lwitiko.
Nikasema acha nizidishe.

Dirisha la ofisi hufungwa saa tisa na nusu.
Afande Kihwele akaisoma yote, midomo inatembea,
akafungua kidau cha wino: kimekauka kwa baridi.
Akaunyanyua muhuri karibu na kinywa,
akaupulizia pumzi, moshi mweupe,
kama anayepasha moto vidole vya mtoto.
Akaugandamiza.

IMEPOKELE

Silabi ya mwisho haikutoka.
Tuliitazama, sote watatu.
Saa ya ukutani ilisema tisa na dakika ishirini na sita.
Akaunyanyua tena, akapuliza.