Dakika Sabini

Jumanne ni zamu ya stesheni.
Evanthia analirudisha gari kinyumenyume
hadi ukutani penye bomba la manispaa,
anashuka, anatia jiwe mbele ya gurudumu
maana breki haiaminiki tangu Oktoba
na pesa ya breki imo ndani ya ombi
lililo mezani kwa mtu, huko Roterdamu.

Mashine mbili. Kikaushio kimoja.
Viti sita vya plastiki, kimoja kina ufa unaofinya mapaja.
Hilo ndilo shirika letu lote.
Thesaloniki inaamka kwa miayo; upepo wa Vardari
unapekua mifuko ya watu
kana kwamba haukuipekua jana.

Kazi yangu mimi ni fomu.
Jina, umri, uraia, aina ya uhitaji:
tia alama ya vema panapohusika.
Sijaona bado kisanduku cha mtu
anayekuja si kwa ajili ya nguo
bali kwa ule mlango wa duara wa mashine,
auegemee kwa mgongo, afumbe macho,
ajue kwamba joto bado lipo duniani.

Bibi Fotini huleta shuka.
"Za jirani yangu," husema, "mgonjwa, hawezi ngazi."
Wiki ya tisa sasa jirani anaugua
na shuka ni zilezile, zenye maua ya urujuani,
na umeme wa Bibi Fotini, tumesikia, ulikatwa Novemba.
Tunamwambia: mpe pole jirani.
Anaitikia: zitafika.

Stergios alikuja Jumanne tatu bila kuvua koti.
Alikunywa chai, akatazama nguo za wenzake
zikibiringika nyuma ya kioo, akaenda zake.
Jumanne ya nne alisimama mbele yangu,
akaanza na kifungo cha juu.
Mifukoni alitoa kijiko,
cheti cha daktari kilicholowa kikakauka kikalowa tena,
na kipande cha sabuni, kingali ndani ya karatasi yake,
chenye nembo yetu.

"Mlinigawia mwaka juzi," alisema
bila hasira, kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi.
"Hamkusema maji niyapate wapi."

Evanthia aligeuka, akashughulika na bomba
ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Nguo ya kuazima, husemwa, haisitiri maungo.
Basi mngemwona Stergios katika suruali yetu ya akiba,
fupi juu ya vifundo, na sweta lenye kulungu kifuani,
ameketi kwenye kiti chenye ufa, miguu pamoja,
kama bwana harusi anayesubiri kuitwa.
Dakika sabini.
Katikati yake Bibi Fotini alikosa mtu wa kumshikia ncha ya pili
naye akainuka, akashika.
Walikunja pembe kwa pembe, wakisogeleana, wakirudi nyuma,
hadi shuka ikawa ndogo kuliko gazeti.
"Jirani yako ana shuka nzuri," alisema.
"Anazo," alijibu Bibi Fotini,
akacheka kwa meno yote aliyobakiwa nayo.

Jioni najaza ripoti.
Waliohudumiwa: kumi na wanne.
Nguo: kilo sitini na moja.
Penye mafanikio nimeandika: kulingana na matarajio.
Penye changamoto kalamu imekaa muda mrefu.
Ile sabuni aliiacha juu ya karatasi zangu;
imetia doa la mafuta
kwenye kisanduku cha uraia.
Nimeandika: breki.
Nimefuta. Nimeandika: maji.
Nimeacha yote mawili, moja limekatwa, linasomeka.

Mbele, Evanthia anapiga honi mara moja.
Gari haliondoki
mpaka nishuke nikatoe jiwe.