Mstari wa Giza

Fundi Ambakisye wa Uyole alinipa masalia,
kipande cha kiganja cha kioo cha madirisha ya benki,
kile ambacho aliye nje hujiona akilamba midomo
na aliye ndani humwona yeye.
"Cha nini?"
Cha kugawa mwanga.
Akacheka, akakiviringisha gazetini, hela akaikataa.

Tukuyu, mwezi wa nne. Mvua haijui ratiba,
bati la maabara linasema kuliko mimi.
Beseni la mchanga wa Kiwira nimeliketisha
juu ya mpira wa baiskeli uliojazwa upepo nusu,
ili lori la saruji liendalo Kasumulu
litikise barabara, lisitutikise sisi.
Mchangani nimesimika vioo viwili vya kinyozi
na kati yao, kimshazari, kile cha Ambakisye.

Atuganile wa kidato cha tatu akabonyeza leza.
Hakuna aliyeona kitu.
Kumbe mwanga hupita bila hodi.
Nikapiga dasta, vumbi la chaki likashuka,
na ndani ya vumbi, uzi mwekundu.
Ukafika kiooni, ukawa nyuzi mbili:
mmoja umenyooka kama aliyetumwa dukani,
mmoja umekata kona kama aliyekumbuka deni.

Nimelelewa nyumba ya watoto tisa.
Najua kugawa. Ndizi ikikatwa
kila jicho hupima kisu.
Kwa hiyo niliwaambia, kwa uhakika wa mwenye njaa:
nusu huku, nusu kule,
ukiongeza kioo, robo, ukiongeza tena, thumni,
na hakuna njia inayozidishiwa nyingine isipunjwe.

Kisha vioo vya kinyozi vikazirudisha zile mbili,
zikakutana, zikapita lenzi ya miwani yangu ya zamani,
zikaanguka ukutani.
Si doa. Mistari.
Mwekundu, mweusi, mwekundu, mweusi,
kama kitenge kilichoanikwa penye upepo.
Lusajo alipokohoa, ikacheza.
Lori lilipopita, ikafutika yote,
ikarudi polepole.

Atuganile akaweka kidole kwenye mweusi.
"Hapa zimefika zote mbili, mwalimu?"
Zote mbili.
"Mwanga na mwanga?"
Naam.
"Basi fungu la hapa kalila nani?"

Kengele ikanitetea.

Miaka kumi na moja nimetembea na swali hilo,
Masoko, Katumba, msibani, foleni ya mbolea.
Kitabuni neno ni jepesi: zimefutana.
Lakini katika nyumba ya watoto tisa
kinachokosekana sahanini
kimo mfukoni mwa mtu.

Jana usiku, peke yangu, beseni lile lile,
niliketi upande ambao sijawahi kukaa,
nyuma, leza inakochomoza,
nikaweka karatasi pembeni ya jicho lake.
Palikuwa na mistari. Hafifu, lakini ipo.
Na pale ambapo ukutani palikuwa peusi,
huku palikuwa pekundu.
Halikuliwa. Lilirudi lilikotoka,
ila sisi wote, darasa zima na mwalimu wake,
tulikuwa tumeukazia macho ukuta.

Atuganile nasikia ana duka la dawa Ipinda.
Nimetafuta namba, nimemwandikia saa sita usiku:
Fungu halikupotea. Siku ukipita, njoo ukae upande huu.

Vitiki viwili vya buluu.
Hajajibu.