Namba Saba

Kibao kimepakwa rangi upya mwezi wa tatu:
"7. Vishimo vya asili. Vimechongwa na mvua na upepo."
Wageni wanapiga picha,
wanasogea namba nane, kwa pimbi.

Mimi ndiye mwenye ufagio.
Nazoa vinyesi, vizibo vya soda, manyoya ya mnandi,
na kila asubuhi naanzia saba.

Kishimo kikubwa kinaingia mkono hadi kwenye kiwiko.
Upande mmoja kimelainika kuliko mwingine
kwa kuwa bibi yangu, Nyanjige, alikuwa wa mkono wa shoto.

Hapa alipiga magoti akasaga ulezi,
jiwe mtoto juu ya jiwe mama,
na vumbi la mwamba likashukia ndani ya unga.
Tulikila kisiwa hiki tonge kwa tonge.
Ndiyo maana ukoo mzima tuna meno mafupi.

Kisha zikaja boti za serikali.
Watu wakavushwa kwenda Igogo na masufuria yao,
wanyama wakavushwa kuja huku na vizimba vyao,
wakapishana katikati ya maji:
Bibi amepakata kuku watatu,
faru amefunikwa macho kwa gunia la pamba.
Hakuna aliyempungia mwenzake.

Baba, Lugoye, akapata ajira:
kumlisha simba
palepale ulipokuwa uwanja wa nyumba aliyozaliwa.
Usiku simba aliponguruma
mjini walifunga madirisha.
Baba aligeuka ubavu tu. "Anauliza saa."

Ziwa likapanda, likameza gati la kwanza
na choo cha bwana mifugo.
Sangara wakaingia, furu wakaondoka bila kuaga,
Bibi akawa anawataja majina sokoni
kama mtu anayeita wajukuu ndani ya nyumba tupu.
Likaja gugumaji, zulia la kijani hadi Kapripointi,
boti haikupita siku tisa,
na siku ya tisa Baba akampa simba
jogoo wake mwenyewe.

Simba alikufa kwa uzee. Sikuwa na umri wa kulia.
Kizimba kipo, kutu tupu, mlango wazi;
pimbi wanalala ndani kwa hiari yao.
Funguo ninazo mimi.

Jana walikuja wanafunzi.
Mmoja, Mhoja, jina nililisoma kwenye daftari,
alikuwa ananakili kibao neno kwa neno.
Akazamisha mkono kwenye kishimo.
Akaacha kuandika.

"Dada, kwani upepo una kiwiko?"

Mwalimu alikuwa ameshaita namba nane.
Nilimwonyesha meno yangu tu,
akadhani nacheka, akacheka naye, akakimbia.

Usiku mvua ikanyesha.
Leo saba imejaa maji hadi ukingoni,
na mjusi mwenye kichwa cha waridi
ameinama upande wa kushoto, ule laini,
anakunywa.

Nimeegemeza ufagio.
Amalize kwanza.