Kadi Mwenza

Nilimnunua Makoroboi, kafungwa kwenye gazeti la mwaka juzi,
feni mbili, jino moja la dhahabu limechubuka,
na muuzaji akaapa kwa jina la mama yake:
"Huyu hajawahi kuchimba sarafu, alikuwa wa mwanafunzi tu."
Nikatoa laki na themanini. Nikapanda naye Mabatini,
ngazi mia na kitu katikati ya mawe,
nimemkumbatia kama yai la kanga.

Nyumbani ipo kompyuta nyeusi isiyo na ubavu
(ubavu niliutoa zamani, ipate hewa),
nayo inaendeshwa na Linux, kwa kuwa ule mfumo mwingine
ulinidai hela kama mkusanya ushuru.
Ndani yumo kadi mkubwa, wa kuzaliwa nayo,
kagandishwa kwenye ubao tangu kiwandani.
Mpole. Mzito. Harusi moja ya saa tatu
huifua usiku kucha, na alfajiri bado asilimia nane.

Nilichomoa umeme. Nikashika nondo ya dirisha, nimwage chaji ya mwilini.
Nikamsukuma kwenye mfereji mpaka ukasema ta!
Nikakaza skrubu kwa ncha ya kisu, bisibisi anayo Byabato.
Nikawasha.

Giza.

Si giza la umeme kukatika, hilo nalijua,
hilo huja na kelele za mtaa mzima.
Hili lilikuwa na feni zinazozunguka,
giza lililo macho.

Nikacheka, maana shangazi yangu Ng'walu aliolewa wa pili kule Magu,
na siku ya kwanza, alinisimulia, hakuna aliyepika.
Mkubwa alidhani mdogo atapika, mdogo akangoja kuonyeshwa jiko,
mume akalala njaa katikati ya vyungu viwili.
Nikaupapasa mgongo wa mashine: waya wa skrini
bado uko kwa mkubwa. Nikauhamishia kwa mdogo.
Nembo ikatokea, ikapepesa, ikazama.

Basi nikaingia kwa mlango wa uani,
herufi nyeupe juu ya weusi, hakuna picha, hakuna kipanya.
Nikauliza: mmo wangapi humu?
Ikajibu mistari miwili. Wawili, wote wazima.
Aliyekosekana ni draiva, mkalimani wa mgeni;
yule wa bure aliyekuja na mfumo
alikuwa anakisia maneno, kama mimi na Kihaya.
Nikamwandika kwenye orodha ya wasioingia.
Nikaagiza mwenyewe: mega mia tatu na arobaini.

Na mtandao kwetu haushuki bondeni. Hukaa juu ya jiwe.
Nikaweka simu kule juu, ndani ya kikapu cha ukili,
nikamweka Limi, miaka tisa, ailinde
dhidi ya mjusi kafiri, kichwa chekundu, kiuno buluu,
anayepiga pushapu kama mgambo
na kila king'aacho hukiona mke.
"Mama, asilimia ngapi?" "Sitini na mbili!"
"Sasa?" "Sitini na mbili!"
"Mama, simu inasema bando limeisha."
Nikakopa kwa wenye laini. Watakata kesho, na chao juu.

Saa kumi na moja jioni nikaandika nywila, nikawasha upya.
Nilifumba macho, sijui kwa nini. Nilipofumbua
skrini ilikuwa na ziwa, picha niliyoiweka mwenyewe mwaka jana
na mkubwa akaivuta kama sweta kuukuu.
Kumbe ina magugu maji, na kwenye kona
mtumbwi, na mtu ndani yake ananipungia.
Mwaka mzima ananipungia.

Harusi ya kina Mashimba niliipakia saa moja.
Nikainuka nibandike chai, kama siku zote,
kisha nivute mkeka, nilale kando ya mashine ikihema.
Maji hayajaanza kuvuma, ikalia: tayari.

Nikabaki nimesimama, majani ya chai mkononi.
Usiku wote huu, mzima, haujaguswa.
Sikuwahi kupewa mwingine. Sijui unashikwa wapi.