Inchi Moja na Robo

Daftari langu lina jalada la bluu, limeingia mafuta ya cherehani.
Shaaban, ukurasa wa kumi na moja: Mwanakheri, Kibokoni.
Bega kumi na tano. Kifua thelathini na nane.
Kiuno alikataa nisiandike.
Gauni la nikaha ya bintiye, Nargis.

Alipokuja kulijaribu, upande wa kushoto ulibana.
Nikafumua, nikalegeza robo inchi.
"Ni haya mahamri yangu," akasema, "naonja kila karai."
Tukacheka.
Mafuta hayanenepeshi upande mmoja.
Nililijua hilo, nikiwa na pini mdomoni.

Mfungo Mosi, wiki ya harusi: nusu inchi.
Akanishika mkono, akauweka pale.
"Gusa. Haliumi."
Kama kokwa ya tende iliyosahaulika mfukoni.
Kisichouma nani atakiitia daktari?
Jino lilipomuuma alilipeleka siku ile ile.

Duka la dawa la kona likampa vidonge vya rangi mbili.
Kliniki ikasema ni maziwa yameganda.
Kitinda mimba wake ana miaka kumi na tisa.
Shangazi Tima akasema ni jicho la watu wa harusini,
akamwandikia kombe kwa zafarani,
akamnywesha huku machozi yakimtoka yeye,
kwa sababu alimpenda, na hilo ndilo alilokuwa nalo.

Mumewe yuko Doha, analinda geti la jumba la watu.
Simu hupatikana Ijumaa.
Lakini neno lenyewe ni ziwa,
na upande wa pili kuna wanaume sita chumba kimoja.
Akamuuliza hali ya joto.

Kipimo kilitaka elfu saba.
Zamu yake ya chama ilikuwa ya tisa.
Angeweza kubadilishana na wa tano;
angeulizwa kwa nini.

Na lile aliloniambia mara moja tu, akitazama mlangoni:
"Nargis hajashika mimba bado.
Wakwe wakisikia, watasema ni damu yetu."

Mfungo Tatu, inchi kasorobo.
Mfungo Sita, kabla ya maulidi, inchi kamili.
Nilikuwa nimeacha kumwambia namba.
Naandika, nafunga daftari,
namtoza shilingi hamsini za kufumua.

Wasema siri ya mtungi aijuaye kata.
Ya kifua aijua futi, nayo ilikuwa shingoni mwangu.

Mfungo Nane akaenda Makadara, inchi moja na robo,
ngozi imekuwa kama ganda la chungwa.
Daktari, kijana, hakuwa mkali, alikuwa amechoka.
"Mama, mbona umechelewa?"
Mwanakheri akatazama viatu vyake.
Ningekuwapo ningemfungulia daftari mezani:
hapa alikuwa anafunga, hapa alikuwa anaoza binti,
hapa alikwenda, mkamrudisha,
na hapa, ona hati hii, ni yangu mimi.

Kawia ufike, twasema.
Sijui aliyeisema alikuwa akienda wapi.

Sasa namshonea kifuko.
Pamba nje, mtama uliooshwa na kuanikwa ndani.
Tumeupima kwenye mizani ya muuza viungo
ulingane na upande uliobaki, asitembee akiinama.
Mara ya kwanza ulizidi.
Akaumimina kidogo kidogo kiganjani, akawatupia njiwa.
"Wale," akasema. "Mimi nimeshalisha watano."

Ni Shaaban tena.
Jana usiku umeme ulikatika, wateja wakaenda zao,
nikawasha tochi ya simu, nikajipima mwenyewe.
Kushoto sawa.
Kulia nikarudia, futi ikaniteleza.
Futi yenyewe ya zamani, huenda imevutika.
Nina oda kumi na saba za Idi.

Kalamu ilikuwa mbali.
Nitaandika kesho.