Kidole cha Shahada

Januari, nyuma ya kalenda ya SACCOS,
niliandika kwa kalamu nene ya magunia:
kumaliza lipu chumba cha uani,
kulipa kikoba kabla hawajaja kukaa mlangoni,
kupima sukari,
kutompigia simu Anatoli hata mvua ikinyesha.
Na chini kabisa, kwa herufi ndogo,
kana kwamba ameandika mtoto wa jirani:
gitaa.

Nina miaka arobaini na saba.
Nilizaliwa Magu, nakaa Mabatini,
nyumba yangu imeegemea jiwe
lililo kubwa kuliko nyumba,
na jiwe halijawahi kunidai chochote.
Mchana ni karani wa mizani, Mwaloni Kirumba.
Magunia ya dagaa yanapanda, yanashuka,
nasoma mshale, naandika.
Wapo wanaonibembeleza niongeze kilo mbili.
Siongezi.

Gitaa nililinunua Makoroboi
kwa Lugendo, fundi simu.
Lina ufa tumboni, umezibwa kwa gundi ya mitumbwi;
jua likilipata linanuka mwalo mzima.
Jumapili baada ya misa ananifundisha
katikati ya simu zilizopasuliwa vifua.
"Mama, usiikabe shingo hivyo.
Huyu si sangara. Hatoroki."
Ana miaka ishirini na miwili
na subira ya kuazima.

Vidole vyangu nilidhani vimeshakomaa.
Vimetobolewa na miba, vimechunwa na kamba,
vimeungua kwenye masufuria ya misiba ya watu.
Uzi mwembamba kuliko zote ukavicheka.
Wiki ya tatu nilikunywa chai kwa mkono mmoja,
wa kushoto umejikunja mapajani
kama mtoto aliyechapwa.

Kisha ikaja kodi ya F.
Kodi ya pango nililipa miaka tisa,
kodi ya kiwanja nina risiti zake,
ushuru wa soko haujawahi kulala kwangu.
Hii ya F ilinishinda.
Lazima kidole cha shahada kilale
juu ya nyuzi zote sita, kama boriti,
vingine vijenge chini yake.
Nilicheka peke yangu.
Shahada!
Ile niliyoitaka mwaka ule nilipofaulu,
ikakwama kwenye ada, na mimba,
na msimu mbaya wa pamba,
leo imenirudia mkononi,
haina joho, haina picha ya ukutani,
inauma hadi kwenye kiwiko.

Julai nilimpigia Anatoli.
Kikoba nimelipa nusu.
Hela ya lipu ya Septemba ilinunua nyuzi,
chumba cha uani bado kinaonyesha matofali yake
kama mtu anayecheka bila kujali meno.
Na F, kila jioni, ilitoa sauti
ya sufuria iliyodondoka jikoni kwa watu.
Mama Nyanjura aliniuliza kupitia dirishani
kama natengeneza kitanda.
Nikamwambia ndiyo.

Jana umeme ulikatika mlima mzima.
Usiku hauna mwezi; huko chini ziwani
taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa
kama mtu alimwaga akasahau kuzoa.
Mkono wangu sikuuona.
Nililaza shahada bila kuitazama,
nikapitisha kidole gumba.
Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano
zikaita, kila moja kwa jina lake.
Ya sita ikasema pu.

Nilikaa pale, muda gani sijui.
Kisha nikawasha kibiriti, nikaishusha kalenda.
Lugendo angesema, mama, weka tiki.
Lakini mimi ni karani wa mizani.
Kando ya lile neno dogo nikaandika:
Novemba, tano kati ya sita.

Moto ulikuwa umefika
kwenye ncha za vidole vya kushoto.
Nilichelewa kuusikia.